Boksi la Betri Zima

Mimi ni msusi, na kazi ya msusi ni vidole na masikio. Vidole vinasuka, masikio yanakusanya. Lakini hili la wifi yangu sikulisikia kwa mteja yeyote. Nilikuwepo, nimesimama kwa miguu yangu miwili, moshi unaniingia puani. Kwa hiyo wanaosimulia vingine huko mitaani waje saluni kwangu tutazamane. Mlango uko wazi, na chanuo ninalo mkononi.

Wifi yangu watoto walimwita Mama Waya. Mtoto wa kumzaa hakujaliwa, basi umama wake ukatokana na waya, na jina lilimkaa vizuri tu. Aliolewa na kaka yangu, fundi redio, na kwenye kibanda cha kaka ndipo alipoanza kushika bisibisi. Mwanzoni yeye alishika tochi, kaka akafungua redio. Haukupita muda ikawa kaka ndiye anayeshika tochi. Halafu kaka akaenda kutafuta maisha nchi ya mbali, akayapata hukohuko, na mke mwingine akampata hukohuko. Nilimwambia wifi, "Sikiliza, ndoa ilikuwa yenu, mmeivunja wenyewe. Uwifi ni wetu, na mimi sijavunja kitu." Akacheka hadi akakaa chini. Tangu hapo tukawa kama ndugu wa tumbo moja, tena afadhali, maana ndugu wa tumbo moja hugombea urithi.

Darasa lake lilianza bila mtu kulipanga. Watoto waliotoka shule walizoea kusimama mbele ya kibanda na kumsumbua: hii nini, ile nini, kwa nini inaongea. Fundi mwingine angewafukuza. Yeye akawapa redio zilizokufa wazifungue, mradi tu kila skrubu irudi ilikotoka. Baadaye akapata kompyuta chakavu, akajifunza mwenyewe kuandika programu, akanunua zile bodi ndogo ambazo ukiziunganisha na mota na taa zinafanya unachoziamuru. Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani akasikia, akaja kuangalia, akasimama pale muda mrefu na mikono nyuma. Akampa stoo ya zamani iliyo nyuma ya madarasa, aifagie, aitumie mchana baada ya masomo.

Stoo ile ilikuwa na dirisha moja, meza mbili za mbao na ukuta mmoja unaoitenganisha na chumba cha kuhifadhia vitabu vya shule. Mama Waya aliifagia kama anampokea bibi harusi. Meza moja watoto watano, meza ya pili watano, basi. Wazazi walimlilia aongeze, Mwalimu Mkuu mwenyewe alimwomba achukue darasa zima, akakataa. "Wa sita anaangalia tu," alisema, "na anayeangalia anajifunza kuangalia." Alikuwa mpole katika kila jambo duniani isipokuwa hilo. Ukimgusa kwenye hesabu ya meza zake alikuwa anageuka mtu mwingine.

Mimi nilienda mara nyingi siku saluni ilipokuwa kavu. Nilienda kucheka, nisiwadanganye. Kabla watoto hawajagusa kompyuta, aliwafanya wao wenyewe wawe kompyuta. Mmoja anasimama katikati, wengine wanamwamuru, na yeye haruhusiwi kufanya lolote ambalo hajaambiwa. Wakamwambia mwenzao, "Nenda mbele!" Akaenda, akaenda, akagonga ukuta kwa paji la uso na bado anapiga hatua palepale, maana hakuna aliyemwambia simama. Siku nyingine mvulana mmoja mnene akapewa amri: rudia kula mpaka ushibe. Akatafuna hewa, akatafuna, wenzake wakachoka kusubiri. Mmoja akasema, "Mama Waya, hii programu haitaisha, huyu hashibi kabisa!" Nilicheka nikatoa machozi. Mama Waya naye akafuta macho, halafu akawaambia polepole, "Mmeona? Kompyuta ni mtiifu kuliko mume, lakini haina akili ya kukuuliza ulikuwa na maana gani. Kosa la neno ni lako, siyo lake."

Jambo la pili aliloling'ang'ania ni lugha. Alikuwa amechoka na watoto wanaokariri maneno ya kigeni kama kasuku na ukiwauliza maana wanatoa macho. Alitaka mtoto ajifunze kwa lugha anayoombea maji. Kama, basi, la sivyo, rudia: yote aliyaandika kwenye kadi, watoto wakayapanga mezani kwanza, ndipo wakaandika programu. Na kila boksi kwenye rafu lilikuwa na jina lake kwa herufi kubwa nyekundu: WAYA NDEFU. WAYA FUPI. MOTA. SKRUBU. BETRI ZIMA.

Na jambo la tatu, ambalo mimi na ukali wangu sikuwahi kulielewa, ni kwamba hakupima tena kilichopimwa na mtoto. Mtoto akishapima, ameshapima. "Ukipita nyuma yake na mita yako ya umeme unamwambia humwamini," alisema, "na mkono usioaminiwa haujifunzi." Nikamwambia, wifi, mimi mwanafunzi wangu wa kusuka nikimwamini siku ya kwanza mteja anatoka na kichwa kama shamba lililolimwa na ng'ombe. Akanijibu akili ni nywele, kila mtu ana zake. Sasa hiyo unamjibu msusi!

Kitu pekee nilichowahi kumwona akikitaka maishani, akakisema kwa mdomo wake, ni kwamba lile darasa liwe lake kweli. Mume hakumng'ang'ania, mali hakuililia. Lakini Mwalimu Mkuu alimwambia kwamba mwisho wa muhula kamati ya wazazi itakaa na kuamua kama stoo iwe karakana rasmi na masomo yake yaingizwe kwenye ratiba ya shule. Tangu asikie hilo akawa anatembea haraka. Akapaka rangi mlango. Akanishonesha hata gauni, mimi, eti nitakuja nimevaa nini siku hiyo.

Kamati yenyewe mwenyekiti wake alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu mwenye sauti kubwa, na sote tulimwita Mwenyekiti hata sokoni. Alikuwa na binti aitwaye Chiriku kwa utani, kwa sababu hakufunga mdomo tangu alfajiri. Familia ya mtoto mmoja wa meza ya pili ilipohama, nafasi ikabaki, na Mwenyekiti akamleta Chiriku. Watu walisema Mama Waya anampaka mwenyekiti mafuta. Uongo mtupu. Nilikuwepo siku aliyoletwa. Baba anaongea na Mwalimu Mkuu, mtoto ameinamia gari dogo la kujiendesha lenyewe ambalo watoto walikuwa wakilitengeneza, anauliza, "Hili likikutana na ukuta linajuaje kama ni ukuta na siyo mtu?" Mama Waya akaacha kusikiliza wakubwa. Aliniambia baadaye, "Wifi, miaka yote hii namngoja anayeuliza hivyo."

Na kweli, mtoto yule alikuwa na mikono. Mimi najua mikono, ndiyo kazi yangu. Kuna vidole vinavyoshika kitu kwa woga na kuna vinavyokishika kana kwamba vimeshafahamiana nacho. Ndani ya wiki chache alikuwa anachomea waya kwa risasi ya kuyeyusha bila kuacha madonge, huku mdomo unaenda palepale. Mama Waya akawa akirudi nyumbani ni Chiriku kasema hivi, Chiriku kafanya vile, hadi nikamwambia basi muasili, tujue moja.

Sasa nifike kwenye betri. Zile betri za kompyuta za kubebeka, ukizipasua, ndani utakuta vibetri vidogo vimepangwa, vinene kidogo kuliko vya tochi. Mara nyingi vilivyokufa ni viwili au vitatu, vingine vyote bado vina uhai. Mafundi walimpa Mama Waya betri zilizotupwa, watoto wakapima kimoja kimoja kwa mita. Kizuri kinaingia kwenye lile boksi rafuni, na boksi likijaa yeye anavichaji. Kibovu kinatupwa kwenye ndoo ya mchanga nje ya mlango, maana ukikichaji kinaweza kulipuka. Ile ndoo haikuwa na jina. Nani anaipa takataka jina?

Siku moja meza ya pili walikuwa wamezama kwenye lile gari, na fungu la betri lilikuwa halijapimwa. Chiriku akasema atapima yeye. Wenzake waliokuwa na muda mrefu hapo wangeweza kumwonyesha, lakini walikuwa chini ya meza wanakimbizana na tairi iliyotoka. Akapima peke yake, kimoja baada ya kingine, kwa uangalifu wote. Kile ambacho mita ilikataa kabisa kusoma, akasema hiki kimezima. Akakiweka kwenye boksi lililoandikwa ZIMA. Vilivyokuwa na nguvu akavipanga kwenye sinia la kutengenezea taa, tayari kwa kazi.

Hebu fikiria nawe. Kwa Mama Waya, aliyeandika kama alivyotamka bila kujali N, betri zima ni zile zilizo nzima, hazina ugonjwa. Kwa mtoto ambaye kwao asubuhi hadi jioni anasikia simu imezima, taa zimezima, televisheni imezima nani kaizima, betri zima ni zipi? Mita haikumdanganya. Macho hayakumdanganya. Alisoma neno kwa Kiswahili chake, na Kiswahili chake ni kilekile cha mama yake. Hadi leo nikilifikiria natamani kumpiga mtu na sijui nimpige nani.

Kesho yake mchana Mama Waya akalishusha boksi, akavipanga vile vibetri kwenye chaja, akawatoa watoto uwanjani wakajaribu gari. Nilikuwa nimekuja na chupa ya chai. Gari likaenda, likafika kwenye tofali, likasimama lenyewe, likarudi nyuma, likakata kona. Watoto walipiga kelele utadhani wamefunga goli. Chiriku akawa anaruka na nywele zote zimefumuka, nikawa nawaza atakuja nimsuke upya. Ndipo tukasikia ndani ya stoo pa, pa, kama bisi kwenye sufuria yenye kifuniko, na moshi mweupe ukatoka dirishani.

Namshukuru Mungu hakuna mtoto aliyekuwa ndani. Hilo nalisema kila mara na nitalisema tena. Mama Waya alikimbilia mlangoni nikamdaka kwa nguo, ikachanika, tukaanguka wote wawili. Walinzi wakaja na ndoo, walimu wakaja, lakini meza zile zilikuwa mbao kavu, paa boriti za zamani, na upande wa pili vitabu vya shule nzima. Tulisimama uwanjani tukatazama. Hakukuwa na kingine cha kufanya.

Watoto walikuwa wanalia wamejikusanya karibu na ukuta. Chiriku ndiye aliyekuja hadi tulipo. Hakulia. Alikuwa amekunja uso, anafikiri. Akasema, "Lakini Mama Waya, zile zilikuwa zimezima. Mimi mwenyewe nilipima, zote zimezima, nikaziweka kwenye boksi la zima. Zimewakaje?"

Nilimwona wifi yangu akielewa. Sijui nieleze vipi. Uso wake ulikaa vilevile lakini damu iliukimbia. Akageuza shingo, akaitazama ile ndoo ya mchanga pale nje, ambayo haikuwa na hata betri moja. Halafu akachuchumaa, akamshika yule mtoto mabega, akamwambia, "Ulipima vizuri. Uliweka vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyesahau chaja, nikaiacha imewaka kupita kiasi. Umenisikia? Wewe hukukosea kitu." Mtoto akaitikia kwa kichwa. Na kwa vile alikuwa mtoto, aliamini.

Njiani kurudi nyumbani nililipuka. Nilimwambia, "Una wazimu? Kamati itakukalia kichwani wiki ijayo, na mwenyekiti ni baba yake! Sema ilivyokuwa. Hakuna atakayemfunga mtoto. Ni neno tu, watu watacheka na kusikitika, yataisha."

"Hayataisha kwake," akasema. "Baba yake unamjua. Mtoto akiambiwa mikono yake imechoma shule, hatashika waya tena maishani."

"Na wewe je?"

"Mimi nimeshashika za kutosha."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye, wifi."

"Basi nilie," akasema, akaongeza mwendo. Nilimfuata nyuma natukana kimoyomoyo. Kufika mlangoni kwake akageuka, akanishika mkono kwa nguvu, akasema nikitamka hilo neno kwa mtu yeyote, ule uwifi niliosema sijauvunja nitakuwa nimeuvunja. Hakuwahi kunitishia kabla ya siku hiyo.

Kikao kilifanyika darasani, watu wazima tumekalia madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Nilivaa lile gauni, sijui kwa nini. Mwenyekiti alisimama mbele akaongea kama anauza saruji. Uzembe, uzembe, uzembe. Watoto wetu wangekuwa majivu. Sisi tulimwamini mwanamke asiye na cheti, tukamkabidhi damu zetu. Binti yangu mwenyewe alikuwa hapo! Watu wakaguna. Mama mmoja akajaribu kusema kwamba mwanawe ndiye aliyetengeneza taa ya nyumbani kwao, akaambiwa akae, hapa hatuzungumzii taa.

Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mzuri, sitamsingizia. Alimpa nafasi. Alimuuliza mara mbili, tena kwa upole, "Mama, hakuna jambo jingine? Labda betri zenyewe zilikuwa na kasoro? Labda zilichanganywa na mtu bila kujua?" Mlango ulikuwa umefunguliwa, ilikuwa ni kupita tu.

"Hapana," akasema Mama Waya. "Nilisahau chaja. Kosa ni langu."

Mimi nikasimama. Wallahi nilisimama, dawati likalia, vichwa vyote vikageuka. Mdomo wangu huu usio na kufuli ulikuwa umeshafunguka. Nikamwona ananitazama. Hakukunja uso, hakutikisa kichwa, alinitazama tu, na macho yale yalikuwa yananiomba. Nikasema, "Samahani, dawati limenifinya." Watu wakacheka. Nikakaa. Hicho ndicho nilichochangia.

Waliamua asikae tena na watoto wa shule ile. Lakini neno halikai kwenye shule moja. Alienda shule ya pili, wakamkaribisha kiti, wakampa maji, wakasema watamwita. Alienda kwenye ukumbi wa vijana, msimamizi akamuuliza kwa aibu, "Wewe ndiye yule wa moto?" Akaenda maktaba. Maktaba, wewe, penye vitabu! Nilimwambia ajipumzishe, akasema lazima iko sehemu moja. Haikuwepo. Watoto wachache walirudi kibandani kisirisiri kama zamani, hadi wazazi wao wakaja kuwaburuta kwa masikio, na mmoja akamtemea mate chini mbele ya miguu yake. Redio nazo watu hawatengenezi tena, ikiharibika wananunua nyingine. Mwenye kibanda akampa notisi, akampangisha muuza simu.

Akaja kwangu. Nilimwekea meza kwenye pembe ya saluni, akawa ananitengenezea draya na pasi za nywele, zangu na za wasusi wengine. Alikuwa akifanya kazi ile vizuri na haraka, na hakuzungumza. Alizeeka pale mbele ya macho yangu. Wateja walimdhania mfanyakazi wangu, wakawa wanamtuma maji, naye anaenda kuyaleta. Mara nyingine nilimkuta amekaa na draya iliyofunguliwa mapajani, haitengenezi, anaitazama tu. Nikimuuliza vipi, anasema hamna. Kitu kimoja tu ndicho kilichombakiza amesimama: alikuwa anaamini kwamba mahali fulani Chiriku anachomea waya. Hakulisema, lakini nilimjua. Mteja akitaja shule, alikuwa anapunguza kelele za bisibisi yake asikie.

Mwaka juzi Chiriku akaingia saluni na mama yake. Alikuwa amerefuka, kifua kimeanza, anaenda shule ya bweni na alitakiwa asukwe nywele za kulala chini. Mama mtu alipomwona Mama Waya pale pembeni alitaka kugeuza, lakini mtoto alishaingia. Alimwamkia kwa heshima zote, shikamoo, na Mama Waya akaitikia marahaba kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu stoo iungue. Akafuta mikono. Akasogeza kiti chake karibu. Mimi nikaendelea kusuka.

"Enhe, Chiriku," akasema, "sasa unatengeneza nini?"

"Sitengenezi tena."

"Huna vifaa? Ninavyo hapa, nitakupa uende navyo."

"Hapana, Mama Waya. Niliacha." Akasema bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza kwamba ameacha kutumia sukari. "Huko shule kuna chumba cha kompyuta na cha umeme, wameniuliza, nimekataa. Naogopa. Wewe ndiye mtu mwangalifu kuliko wote ninaowajua. Ulikuwa unatuambia tuhesabu hadi skrubu. Na bado ulisahau, pakaungua pote. Kama wewe ulisahau, mimi nitaweza wapi?"

Mkono wangu ukasimama kwenye kichwa chake. Nikamtazama wifi yangu. Nilisema na Mungu, nikasema mwambie, mwambie sasa hivi, mama yake asikie, dunia isikie, ni neno tu lilimchanganya.

Mama Waya akasema, "Chiriku. Siku ile sikusahau."

Mtoto akamtazama kwenye kioo, kwa huruma. Ndiyo, kwa huruma, kama unavyomtazama mgonjwa. Akasema, "Baba aliniambia. Alisema ipo siku utasema hivyo. Usijali, Mama Waya, mimi sijawahi kukuchukia."

Mama yake akasema tuharakishe kidogo, gari linaondoka mchana. Nikaharakisha. Nilimsuka vibaya, najua, mistari haikunyooka, nikakataa malipo, wakaaga, wakaondoka. Mama Waya aliwapungia mkono hadi mlangoni.

Nilidhani atalia. Nilitaka alie, maana mtu akilia unajua umfanye nini, unamshika, unampa maji. Akarudi kwenye kiti chake, akaichukua ile draya iliyokuwa wazi, akaunganisha waya wa mwisho, akaifunga skrubu zote, akaichomeka. Ikapuliza hewa ya moto vizuri tu. Akaizima, akaiweka upande wangu wa meza, akaniambia, "Wifi, nipe nyingine."

Nikatazama kwenye rafu, nikatazama chini ya viti, nikatazama hadi kwenye kapu la taulo chafu. Nikamwambia sina.